Mkubwa Apewe Kazi: Kumwandaa Mtoto Ampokee Mdogo Wake

Katika habari za Nabii Musa, ambazo Waislamu huzisoma katika Kurani na Wakristo katika Torati, yumo mtoto mmoja wa kike ambaye wasomaji wengi humpita haraka, kwa kuwa macho yao hukimbilia kwenye kitoto kilichotiwa majini na kwenye jumba la Firauni kitakakofikia. Mtoto huyo ni umbu lake Musa. Mama yao, baada ya kumwacha mwanawe aende na maji kwa hofu ya wauaji, hakumfungia binti yake ndani akalia peke yake, wala hakumdanganya kwamba mdogo wake amekwenda safari, alimwamuru amfuate. Binti akaufuata ukingo wa mto, akimwangalia nduguye kwa mbali pasipo watu kumtambua, na saa ilipowadia, mtoto alipokuwa mikononi mwa watu wa Firauni na amekataa ziwa la kila mnyonyeshaji, ni yeye aliyejitokeza akawaonyesha kwa utulivu nyumba ambayo mtoto yule angepata kunyonyeshwa na kutunzwa, na nyumba hiyo ilikuwa ya mama yake. Katika kisa kile kifupi umo msingi wa yote ninayotaka kuyasema leo: mtoto mkubwa aliyepewa kazi yenye maana juu ya mdogo wake, kazi iliyolingana na miguu yake na akili yake, huwa mshirika wa wazazi wake katika kumlea, na mshirika hana haja ya kuwa adui.

Vitabu hivyo hivyo havikutuficha upande wa pili. Ndugu zake Yusuf walinung'unika kwamba baba yao anampenda Yusuf na mdogo wake kuliko wao, ilhali wao ni kundi la watu wenye nguvu, na manung'uniko yale yalifika kisimani. Kabla yao walikuwako Habil na Kabil. Ikiwa wivu wa ndugu kwa ndugu ulipata kuingia katika nyumba za manabii, basi mzazi wa leo hana sababu ya kutahayari akiuona wivu huo katika uso wa mtoto wake wa miaka minne, wala hana ruhusa ya kuudharau. Mtoto yule si mwovu. Ana hofu, na hofu yake ina msingi, maana ni yakini kwamba jambo kubwa linataka kugeuka katika nyumba ambayo mpaka jana ilikuwa yake yote.

Tazama jinsi nyumba zetu za pwani zinavyojiandaa mimba inapokaribia kutimia. Kanga kuukuu zilizokwisha kulainika hufuliwa, zikakunjwa, zikawekwa tayari kwa winda na mbeleko. Pilipili manga ya uji wa mzazi hununuliwa, kuku wa supu hufungiwa bandani, udi na ubani huwekwa akiba, chumba hupakwa chokaa, na shangazi wa mbali hupelekewa habari aje kumkanda mzazi kwa maji ya moto katika arubaini yake. Kila mtu hujua zamu yake, isipokuwa mtu mmoja, naye ni yule ambaye maisha yake yatageuka kuliko ya wote baada ya mama mwenyewe. Huyo hapewi habari wala zamu. Wengine humficha kwa kuchelea jicho la hasada, asije akaitangaza mimba barazani kabla haijakomaa. Wengine huona haya kuitaja mimba mbele ya mtoto. Na wengine, nadhani ndio wengi, hawana sababu yoyote ila kwamba wao nao hawakuambiwa. Nawaheshimu wazee waliotulea kwa hadhari ile, na ninaielewa. Lakini mtoto anayenyamaziwa hakosi kuona. Huona mama amechoka na hambebi tena, huona wakubwa wakinong'ona wakakatiza maneno yeye anapoingia, naye hukisia lililo baya kuliko kweli.

Kisha siku ikifika, huambiwa kwamba mama amekwenda hospitali kununua mtoto. Neno hili husemwa kwa nia njema, na wengi wetu tuliambiwa hivyo hivyo. Lakini akili ya mtoto ina hesabu yake, na kitu kilichonunuliwa huweza kurudishwa dukani kisipopendeza, na anayenunua kipya aghalabu huwa amechoshwa na cha zamani. Hawezi kuyasema hayo kwa ufasaha, ila huyawaza, na siku ya tatu au ya nne, akiona mgeni haondoki, huuliza atarudishwa lini. Watu wazima hucheka. Hakuna la kucheka hapo: ameuliza kwa dhati swali ambalo sisi wenyewe tulimtilia kichwani.

Ukweli hauhitaji maneno mengi. Yatosha kusema kwamba mama ana mtoto tumboni, anakua pole pole, na akishakua atatoka awe mdogo wako. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aambiwe tumbo linapokuwa dhahiri, kwani kwake miezi tisa ni umri mzima; wa miaka saba au minane aambiwe mapema, kabla hajayasikia kwa watoto wa jirani, maana kuyasikia nje ni kujiona mgeni kwao. Tarehe aliyoandikiwa mama katika kadi ya kliniki haina maana kwa mdogo, basi aambiwe kwamba mwenzake atakuja embe zikianza kuiva, au baada ya Idi, au shule zikifungwa na masika yakishika. Mtoto aliye tumboni huanza kusikia sauti katika miezi ya mwisho, na mateke yake huonekana hata kwa nje. Mkono wa mkubwa uwekwe pale, azungumze naye, amwimbie, amtajie jina lake. Baadhi ya wauguzi wa kliniki, wakiombwa kwa adabu, hawakatai mtoto kusimama kando wakati wanapoyasikiliza mapigo ya moyo, na mtoto aliyesimama pale hurudi nyumbani akiwa na habari ambayo hata baba yake hana.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wameyachungua mambo haya. Huko Cambridge, Uingereza, Judy Dunn na Carol Kendrick walizifuata familia 40, kila moja ikiwa na mtoto mmoja mdogo na ikitazamia wa pili, wakawa wakiingia majumbani mwao tangu siku za mimba mpaka mtoto wa pili alipotimiza miezi 14, wakakaa na kuandika waliyoyaona na kuyasikia; kitabu chao kilitoka mwaka 1982. Waliona lile ambalo kila mama analijua: baada ya uzazi, michezo baina ya mama na mkubwa hupungua na magomvi huzidi, na utundu wa makusudi huchachamaa hasa pale mama anapokuwa na mchanga mikononi. Lakini waliona pia jambo lenye thamani zaidi. Katika nyumba ambazo mama, tangu siku za kwanza, alimzungumza mchanga kwa mkubwa kuwa ni mtu, mwenye haja zake, anayetaka hiki na kuchukia kile, na akamshirikisha mkubwa katika kufikiri afanyiwe nini, ndugu wale walikuja kupendana zaidi miezi mingi baadaye, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa.

Habari hiyo imenikaa moyoni kwa sababu haidai fedha. Haidai ila ulimi uliozoezwa. "Usimguse, utamwumiza," humfundisha mkubwa kwamba yeye ni hatari na kwamba kile kilicho kitandani ni kitu cha watu wengine. "Njoo umwone, utosi wake bado laini, basi tumshike mguuni," humfundisha kwamba ameaminiwa. "Analia; unadhani ana njaa, au amesikia joto?" humpa haki ya kutoa shauri, na mtoto wa miaka mitatu ana mashauri mengi, mengine sahihi. Aelezwe pia kwamba macho ya mchanga hayaoni vizuri zaidi ya shibiri moja na kitu, kwa hiyo anayetaka kuonwa naye amsogelee uso kwa uso. Mkubwa akilijua hilo, hamlaumu tena kwa kutomtazama.

Yako mambo ambayo maneno mema peke yake hayayatoshi, na la kwanza ni ziwa. Wazee wa pwani waliogopa sana kumbemenda mtoto, yaani kumharibia siha yake angali ananyonya kwa wazazi kukutana kabla ya wakati, na mimba nyingine ikaingia ilhali wa kwanza hajasimama imara. Na mtoto aliyekonda, nywele zikanyauka, miguu ikavimba, walisema amebemendwa. Sababu waliyoitoa, kwamba maziwa yamechafuka, haikuwa sahihi, na imewaonea akina mama wengi kwa lawama isiyokuwa yao. Lakini macho ya wazee wale hayakukosea kuona ni mtoto gani anayedhoofika. Mwaka 1935 daktari wa watoto Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akitumika katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika katika jarida la Lancet juu ya maradhi ya kwashiakoo, jina alilolichukua kwa wenyeji wa Accra, ambao kwao hayo yalikuwa maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Akina mama wa Accra na bibi zetu wa pwani walikuwa wakimtazama mtoto mmoja. Aliyeachishwa ziwa ghafula akabaki na uji mtupu, usiokuwa na maharagwe, yai, dagaa wala karanga, huumia mwili na roho kwa pamoja, na hakuna mwanasesere wala peremende itakayomfariji.

Kwa hiyo maandalizi ya mdogo huanza kabla ya mimba yenyewe. Kurani imeitaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, kisha pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi, na kwamba baada ya uzazi ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Nafasi hiyo ni afya ya mama, nayo pia ni heshima kwa mkubwa, ambaye hufika siku ile akiwa amekwisha kushiba utoto wake, anatembea, anasema, na anaweza kutumwa.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, katika kutumwa. Juzi juzi nilialikwa akika katika nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, na aliyenivutia siku ile hakuwa mchanga aliyekuwa akinyolewa nywele za tumboni, bali kaka yake, mtoto wa miaka mitano aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Bibi yake alikuwa amempa kisahani cha shaba na kumwagiza akishike chini ya mkono wa mnyoaji, na dirisha lilikuwa limefungwa upepo usije ukazichukua zile nywele. "Zote hizo ni amana yako, baba," bibi alimwambia, "usiangushe hata moja." Mtoto yule alishika kisahani kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, na kwa muda wote ule, mbele ya shangazi na majirani waliokuwa wakipiga vigelegele na kuingia na kutoka na masinia, hakuinua macho. Unywele mmoja ulipomwangukia mnyoaji kwenye goti, yeye ndiye aliyeuona, akauokota kwa vidole viwili.

Baada ya hapo alikwenda na babu yake kwa sonara, ambaye ana mizani ndogo ya kupimia vito, ili nywele zipimwe na thamani ya fedha ya uzito ule itolewe sadaka, kama ilivyo ada. Nami niliwafuata. Mizani ilitikisika kidogo tu, na mtoto akashangaa.

"Babu, mbona nyepesi hivi?"

"Ndivyo zilivyo nywele za kwanza, baba. Zako nazo zilipimwa hapa hapa, mizani hii hii, na sonara huyu huyu."

Alimtazama sonara, na sonara, Mungu amjalie kheri, aliacha kazi yake akaitikia kwamba anaikumbuka siku ile vizuri. Kisha fedha zikatiwa katika mkono wa mtoto, naye ndiye aliyezipeleka kwa ajuza mmoja wa mtaani, mjane, akazikabidhi kwa mkono wa kulia na kusema ni sadaka ya mdogo wangu.

Nimelifikiri sana tukio lile. Kazi aliyopewa mtoto yule haikubuniwa ili kumtuliza. Ilikuwa kazi ambayo lazima ingefanywa na mtu, na aliyeifanya ni yeye. Watoto wanaijua tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani. Ukimpa mtoto kitambaa apanguse mahali ambapo umekwisha kupangusa, atapangusa mara moja, mara ya pili atakimbia. Lakini ukimpa wadhifa ambao usipotimizwa pana kitakachopungua, kama vile kuleta winda safi inapoitwa, kumwita bibi uji unapochemka, kukumbusha kila aingiaye anawe mikono kabla ya kumshika mchanga, kushusha chandarua jioni, atausimamia kama mlinzi wa mlango. Wa miaka minane au tisa anaweza kupewa daftari aandike mchanga amenyonya saa ngapi, na siku za miadi ya chanjo. Wa miaka miwili aweza kupewa mwanasesere wake mwenyewe, ambaye wiki nyingi kabla ya uzazi atafundishwa kumpakata, kumwegemeza shingo, kumfunika na kumlaza chali, ili mikono yake iwe imekwisha kujifunza upole kabla ya kukutana na mwili ulio hai.

Jambo la pili nililolipata katika tukio lile ni maneno ya babu: zako nazo zilipimwa hapa. Naamini hakuna dawa ya wivu iliyo bora kuliko mtoto kusimuliwa kuja kwake mwenyewe. Atolewe kadi yake ya kliniki iliyochakaa, aonyeshwe kilo alizozaliwa nazo, picha kama zipo, kanga aliyofungiwa. Aambiwe nani alimwadhinia sikioni, nani alisafiri usiku kuja kumwona, jina lake lilichaguliwaje, na jinsi yeye naye alivyokuwa akilia usiku kucha mpaka baba akatembea naye uani. Anayejua kwamba alipokelewa kwa shangwe hii hii hataiona shangwe ya mwenzake kuwa mali iliyoibwa kwake. Mwanambee hasa ana haki ya kuisikia hadithi hiyo, kwa kuwa hakumwona mwingine akipokewa kabla yake.

Kuhusu mahali pa kulala nitasema kwa ufupi. Kama mkubwa hulala na mama katika kitanda kimoja, na kitanda hicho kitahitajiwa, ahamishwe miezi kadhaa kabla, ahamishwe kwa heshima, apewe chandarua chake na mto wake, na aambiwe kwamba amekua. Asihamishwe usiku ule mchanga anapoingia, kwani huko ni kufukuzwa. Vivyo hivyo kuanza chekechea na kuacha kukojoa kitandani: yasirundikwe yote katika mwezi mmoja na uzazi. Na uchungu wa mama ukianza usiku, mkubwa aamshwe aagwe, hata kama atalia, maana aliaye na akajua mama amekwenda wapi ni afadhali kuliko aamkaye akakuta kitanda kitupu. Desturi ya kumpeleka kwa jamaa wa mbali kwa arubaini nzima, ili mzazi apate nafasi, siipendi; humrudisha mtoto katika nyumba iliyokwisha kupangwa pasipo yeye. Bibi aje, mtoto asiende.

Mama akirudi, au mkubwa akipelekwa hospitali kumwona, ni vizuri mchanga awe amelala kitandani au kwa mtu mwingine katika dakika ile ya kwanza, ili mikono ya mama iwe mitupu. Kisha waje wageni, na hapa nina nasaha kwa sisi tunaoitwa wageni. Tunaingia na zawadi ya mchanga, tunampita mkubwa mlangoni, na tukimkumbuka humwambia, kwa mzaha, "Basi wewe sasa huna chako, mama ameshapata mwingine," au, "Umenyang'anywa ziwa!" Nimeyasikia maneno haya tangu utoto wangu na nimeona nyuso zikinywea. Tuyaache. Anayeingia katika nyumba ya mzazi amsalimu kwanza mkubwa, ampongeze kwa kupata mdogo, na amwombe yeye ampeleke kwa mchanga amwonyeshe. Atakuta kwamba mtoto anautangulia ugeni ule kwa fahari na kueleza kila kitu, hata kitovu kilidondoka lini.

Lakini mimi ninayetetea kazi sina budi kusema mpaka wake. Katika miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine, wataalamu wa elimu ya jamii za watu, walikaa Nyansongo katika nchi ya Wagusii huko Kenya, wakaandika jinsi mtoto wa miaka sita mpaka kumi, wa kike akipatikana, alivyokabidhiwa mchanga kutwa nzima mama akiwa shambani. Mlezi mdogo huyo huitwa kwa Kigusii omoreri. Thomas Weisner na Ronald Gallimore, katika makala yao ya mwaka 1977, walionyesha kwamba malezi ya ndugu kwa ndugu yameenea katika jamii nyingi mno duniani. Sisi tusiione aibu mila hiyo. Imetulea, na imewapa watu wengi dada ambaye mpaka uzeeni humwita mama. Ila mtoto wa siku zile hakuwa na kengele ya darasa inayomngoja. Leo anayo, na mzigo ukizidi, anayeikosa kengele hiyo karibu kila mara ni msichana. Umbu la Musa aliagizwa kuangalia na kuleta habari. Aliyemnyonyesha na kubeba dhamana ni mama. Mtoto ashirikishwe katika saa zake za nyumbani, atumwe kazi yenye mwisho, apate kwenda kucheza ikiisha, na kaka atumwe sawa na dada. Akiambiwa abaki nyumbani asiende shule kwa sababu mama amejifungua, hapo ushirika umekwisha kugeuka utumwa, nasi tutakuwa tumempa sababu ya haki ya kumchukia nduguye.

Pamoja na maandalizi yote, siku za kurudi nyuma hazikosi. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani hukojoa, aliyesema vizuri huanza kusema kitoto, aliyeachishwa ziwa mwaka juzi huja akaomba ziwa. Asichapwe wala asiaibishwe mbele ya watu. Akumbatiwe, apakatwe, atengewe kila siku muda mfupi wa mama peke yake, hata kama ni wakati ule mchanga amelala na mama mwenyewe ana usingizi, na akisema kwamba hampendi mdogo wake asijibiwe kwa vitisho vya dhambi. Aambiwe kwamba mama amesikia. Wengi, wakisikiwa, hurudi katika hali yao baada ya wiki kadhaa. Ila mkono ukiinuliwa kupiga, uzuiwe papo hapo, na kwa miezi ya kwanza mchanga asiachwe peke yake na mtoto mdogo hata mara moja, si kwa tuhuma, bali kwa sababu mikono midogo haijui nguvu zake.

Liko jambo zito ambalo waandishi hulikwepa, nami nisingeona ni uaminifu kulikwepa. Si kila mimba hufika salama, na si kila mchanga hutoka hospitali. Wapo wanaosema kwamba ndiyo sababu ya kuwaficha watoto, wasije wakangojea asiyekuja. Sikubaliani nao. Aliyefichwa ataona mama amerudi akilia, mikono mitupu, na nyumba imejaa watu na makiwa, asijue kumetokea nini. Na ikiwa moyoni aliwahi kutamani mtoto yule asije, ataamini kwamba ni yeye aliyemwua. Mwambieni mtoto kwamba mdogo wake amekufa, kwa neno hilo hilo. Msimwambie amelala, asije akauogopa usingizi wake mwenyewe. Wala msimwambie amesafiri, asije akamngojea mlangoni. Mwambieni kwamba hakuna alichofikiri wala alichosema kilicholeta msiba huo, na nguo alizozikunja kwa mikono yake zisitoweshwe usiku kwa siri. Aulizwe angependa zifanywe nini.

Limebaki la akina baba, nalo ni la kutenda zaidi kuliko la kusema. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 humpa baba mwajiriwa likizo ya siku 3 kwa uchache, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpa wiki 2. Hata hizo chache, aghalabu huishia katika kupokea wageni na kufuata kuku sokoni. Mzazi ana shangazi na bibi wa kumkanda na kumpikia uji, na mchanga ana ziwa. Asiye na mtu katika siku zile ni mkubwa, na baba ndiye mtu wake. Siku ya kwanza itakwenda hospitali, hapana budi. Ya pili amwogeshe mkubwa yeye mwenyewe, amvalishe, ampeleke shule na kumfuata. Ya tatu amchukue waende wawili kuandikisha uzazi wa mdogo wao, amwache ambebee karatasi. Na siku ya nne, akirudi kazini, amwachie kazi moja ya kuitimiza mpaka jioni, na jioni, akivua viatu, amwulize habari ya kazi hiyo kabla hajauliza mchanga ameshindaje.